Kufuata Safari ya Jalada: Niliyojifunza Tulipopanga Upya Ofisi ya Huduma

Nilipokabidhiwa kazi ya kusimamia upangaji upya wa ofisi yetu, taasisi ilikuwa imeshaamua mambo mawili: kuta za vyumba vidogo zitabomolewa, na huduma haitafungwa hata siku moja wakati mafundi wakiwa kazini. Hakuna aliyekuwa ameuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia yote, yaani mteja akiingia mlangoni na dai lake mkononi, yeye na karatasi zake hupita wapi mpaka siku anapolipwa. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye karibu kuingia katika kazi kama hii, iwe katika ofisi ya bima, ya mikopo, ya vibali au ya ushauri wa kisheria, mahali popote ambapo baadhi ya watumishi hukutana na watu ana kwa ana na wengine hukaa nyuma wakishughulikia mambo ya watu hao hao. Mengi yaliyotugharimu yangeonekana kwenye karatasi kabla fundi hajainua nyundo.

Nieleze kwanza ofisi yenyewe ilivyokuwa. Sisi hupokea madai ya wateja, huyakagua, huyaidhinisha au kuyakataa, kisha huyalipa. Palikuwa na ushoroba mmoja mrefu wenye milango pande zote mbili, na kila idara ilijifungia nyuma ya mlango wake. Mteja aliyetaka kujua dai lake limefikia wapi alibisha hodi mlango baada ya mlango, na kila alipobisha alimkatiza mtu aliyekuwa katikati ya hesabu. Masijala ilikuwa mwisho kabisa wa ushoroba, katika chumba kilichowahi kuwa stoo, na mhudumu wa ofisi alishinda akienda na kurudi na majalada kifuani.

Mchoro wa kwanza tulioletewa ulipendeza kuutazama. Ulikuwa na ukumbi mmoja mpana, mwanga kila upande, viti vya rangi katika eneo la wateja, na wakuu wa idara wamewekwa kando ya madirisha. Masijala ilibaki pale pale nyuma, kwa kuwa, kama ilivyosemwa kikaoni, si mahali pa kuonyesha wageni. Kamati ilikuwa karibu kuuidhinisha. Niliomba muda wa kuangalia kazi inavyotembea ndani ya jengo, na haikuwa rahisi kukubaliwa, kwa sababu mtu anayeomba muda katika mradi uliokwisha kutangazwa huonekana kama anayepinga mabadiliko.

Nilichofanya hakikuhitaji mtaalamu wala fedha. Tulichagua majalada machache ya aina tofauti, dai jepesi, dai lenye utata na dai lililokataliwa kisha likakatiwa rufaa, tukabandika kwenye kila jalada karatasi ambayo kila aliyelipokea aliandika meza yake, saa ya kulipokea na saa ya kulitoa. Wakati huo huo nilisimama karibu na mlango na kuwafuata wateja kwa macho, kisha kwa miguu pale waliponiruhusu, nikichora njia yao juu ya nakala ya ramani ya sakafu. Mistari ilipokamilika, ilionekana wazi kwamba sehemu iliyopitiwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa masijala, chumba ambacho mchoro mpya ulikificha. Jalada lilirudi huko baada ya karibu kila hatua, kuandikishwa kabla ya kupelekwa mbele. Muda mwingi wa dai haukutumika katika kulikagua. Ulitumika likiwa limelala kwenye kisanduku cha mtu, likimsubiri mhudumu afanye mzunguko wake.

Ningemshauri kila anayeanza kazi hii afanye zoezi hilo kabla ya kumwita mbunifu, na amkabidhi mbunifu matokeo yake kama sehemu ya maelekezo ya kazi. Mbunifu wetu alikuwa mtu mwelewa. Tatizo ni kwamba tulimpa idadi ya watu na ukubwa wa sakafu, hatukumpa kazi. Alipoona mistari ile alikunja mchoro wake mwenyewe na kuanza upya bila kinyongo.

Kikaoni palitokea hoja kwamba masijala haina haja ya kujadiliwa kwa sababu kila kitu kitahamia kwenye kompyuta. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini ilikuwa inapanga ofisi ya miaka ijayo huku wateja wa leo wakiendelea kuleta vyeti halisi vyenye mihuri na saini. Tuliafikiana kwamba masijala iletwe katikati, kati ya kaunta na wakaguzi, na kwamba chumba chake kijengwe kwa kuta nyepesi na kuwekewa soketi za kutosha, ili siku majalada yatakapopungua kigeuke kuwa eneo la kazi bila kubomoa chochote.

Nyenzo iliyotusaidia kuafikiana ni jedwali la uhusiano ambalo Richard Muther alilieneza katika upangaji wa viwanda na ofisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Unaorodhesha vitengo vyote, kisha kwa kila jozi unaweka herufi inayoonyesha jinsi ukaribu wao ulivyo muhimu: A kwa ukaribu wa lazima kabisa, E kwa ule wenye umuhimu wa pekee, I kwa muhimu, O kwa wa kawaida, U kwa usio na umuhimu, na X kwa vitengo ambavyo havifai kukaribiana hata kidogo. Pembeni ya kila herufi unaandika sababu. Tuliwapa wakuu wa vitengo jedwali hilo kila mmoja peke yake, bila kushauriana, kisha tukayalinganisha. Pale walipotofautiana ndipo tulipopata mazungumzo yenye manufaa zaidi katika mradi mzima. Wahasibu waliandika kwamba wanahitaji kuwa jirani na wakaguzi. Wakaguzi waliandika kwamba wahasibu hawawahusu. Kumbe wahasibu ndio waliokuwa wakitembea kila mara kuuliza maana ya maandishi ya wakaguzi, na wakaguzi hawakuwahi kuihesabu safari hiyo kwa sababu haikuwa yao.

Herufi ya X ndiyo inayosahaulika. Watu hupenda kusema nani awe karibu na nani, na ni wachache wanaofikiria nani asikaribiane na nani. Katika ofisi ya huduma X zipo nyingi: dirisha la malipo na foleni ya kawaida, chumba cha kusikiliza malalamiko na eneo la kungojea, mashine ya kuchapa na watu wanaofanya kazi ya kusoma kwa makini, njia ya majalada ya siri na njia ya wateja kuelekea vyooni. Kila X tuliyoipuuza ilijitokeza baadaye kama tatizo la kila siku.

Kuhusu ukumbi wa wazi, nilitumia muda kujua wazo hilo limetoka wapi, kwa sababu kwetu liliwasilishwa kama jambo jipya la kisasa. Jengo la kampuni ya Larkin mjini Buffalo, lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright na kukamilika mwaka 1906, lilikuwa na ukumbi mkubwa ambamo makarani walikaa kwa safu chini ya mwanga wa juu; kampuni ile iliuza bidhaa kwa njia ya posta, na kazi yake ilikuwa kusogeza barua kutoka meza moja hadi nyingine. Ndugu wawili wa Kijerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, mwishoni mwa miaka ya 1950 walianza kupanga ofisi kwa kufuata mawasiliano na mtiririko wa karatasi badala ya vyeo. Robert Propst, aliyebuni kwa ajili ya kampuni ya Herman Miller mfumo wa samani zenye paneli za kuhamishika uliotolewa mwaka 1968, alikusudia kila mtu aweze kubadilisha eneo lake kadiri kazi inavyobadilika, ingawa wanunuzi waliugeuza kuwa vijumba vya kubana watu wengi mahali padogo, jambo ambalo yeye mwenyewe alilisikitikia baadaye. Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba waliofanikiwa walianza na kazi, na waliochukua umbo peke yake walipata umbo peke yake.

Sisi tulichukua zaidi umbo kuliko tulivyopaswa. Pamoja na mistari na majedwali yote, uamuzi wa kubomoa kuta ulikuwa umeshapitishwa, na tulibomoa nyingi mno. Matarajio yalikuwa kwamba watu wataongea zaidi wakionana. Katika wiki za mwanzo ukumbi ulikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida: watu walivaa vipokea sauti masikioni, wakaandikiana barua pepe ilhali wameketi hatua chache tu kutoka kwa mwenzao, na waliokuwa na jambo la kujadili walishuka ngazi kwenda kulizungumzia nje. Ethan Bernstein na Stephen Turban, katika utafiti walioutoa mwaka 2018 kuhusu makao makuu ya kampuni mbili zilizohamia kwenye kumbi za wazi, walikuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa takriban asilimia 70 na mawasiliano ya kielektroniki yameongezeka. Niliusoma utafiti huo nikiwa tayari naona jambo lile lile kwa macho yangu.

Lililoniumiza zaidi, hata hivyo, lilihusu wateja. Mama mmoja alikuja kufuatilia dai la marehemu mumewe. Mtumishi wa kaunta, kwa nia njema kabisa, alimuuliza maswali ambayo utaratibu unamtaka aulize: tarehe ya kifo, chanzo chake, kama kuna watoto wa nje ya ndoa wanaopaswa kuhesabiwa. Eneo la kungojea lilikuwa mita chache nyuma yake, dari ilikuwa ngumu, sakafu ilikuwa ya vigae, na kila neno lilisikika hadi safu ya mwisho ya viti. Yule mama alijibu maswali mawili, akanyamaza, akakusanya karatasi zake na kuondoka. Tulimtafuta, tukamwomba radhi na kumhudumia faraghani, lakini sikuweza kuendelea kuiita ofisi ile nzuri. Mtu aliyefiwa alikuwa amelazimishwa na mpangilio wetu kuchagua kati ya haki yake na heshima yake.

Kwa hiyo juu ya sauti nina mengi ya kusema. Sauti ni sehemu ya ramani, na haionekani kwenye ramani. Kabla ya kuidhinisha mchoro wowote, mketishe mtu mahali itakapokuwa kaunta, mwingine mahali kitakapokuwa kiti cha karibu zaidi cha kungojea, mmoja asome maelezo kwa sauti ya kawaida na mwingine aandike anachokisikia. Akiandika majina na tarehe kwa usahihi, mpangilio huo haufai kwa huduma yoyote inayogusa afya, fedha au familia ya mtu. Tiba zipo, na hazilingani kwa gharama. Kuongeza umbali na kugeuza mwelekeo wa viti ni bure. Zulia na vigae vya dari vinavyofyonza sauti hupunguza mwangwi, ingawa havizuii maneno kufika kwa aliye karibu. Chumba kidogo cha mazungumzo ndicho dawa ya kweli, na hapo kuna jambo ambalo mafundi hawatakuambia usipouliza: ukuta ukiishia kwenye dari ya kuning'iniza, sauti hupanda, hupita juu ya dari na kushuka chumba cha pili. Ukuta wa faragha lazima ufike kwenye zege la juu, na mlango wake uzibwe mwanya wa chini. Kioo kinaficha kidogo sana cha mazungumzo kikiwa chembamba na kikiachiwa nafasi kwenye kingo. Vyumba vyetu vya kwanza vya faragha vilikuwa na kasoro zote hizo, tukalipa mara mbili.

Eneo la kungojea lina hesabu yake, na nashangaa jinsi linavyopangwa kwa kukisia. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inatosha kuanzia: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha kwa wastani wa muda anaokaa kila mmoja. Wateja 40 wakiingia kwa saa na kila mmoja akikaa nusu saa, ndani patakuwa na watu 20 kwa wastani. Huo ni wastani tu. Lazima uongeze nafasi kwa ajili ya wanaosindikizwa na jamaa zao na kwa saa za msongamano, maana kwa kawaida asubuhi na mwisho wa mwezi havifanani na siku nyingine. Kanuni hiyo pia inaonyesha kwamba ukipunguza muda wa mteja kukaa, umepata nafasi bila kuongeza hata mita moja ya sakafu. Kuileta masijala karibu kulipunguza msongamano wa eneo la kungojea kuliko viti vyote tulivyonunua.

Tuliondoa foleni ya kila dirisha, tukaweka foleni moja yenye namba inayogawanywa kwa madirisha yote. Faida yake ni kwamba hakuna dirisha linalokaa bure wakati mtu anangoja, na aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Sharti ni kwamba kila dirisha liweze kutoa huduma zote za kawaida, jambo linalodai mafunzo kabla ya samani. Sehemu ya kaunta ishushwe kwa ajili ya anayetumia kiti cha magurudumu, na mbele yake paachwe duara la mita 1.5 ambalo kiti hicho kinahitaji ili kigeuke. Viti vilivyopangwa na mtu asiye na ulemavu kwa ajili ya wasio na ulemavu mara nyingi hula nafasi hiyo, kwa hiyo ichorwe sakafuni kwa rangi.

Juu ya fedha niseme bila kuficha: samani, ambazo kamati ilizibishania vikao kwa vikao, hazikuwa mzigo mkubwa. Fedha ziliishia kwenye vitu visivyoonekana. Ukibomoa ukuta unakuta ndani yake nyaya za umeme na za mtandao ambazo hazimo kwenye mchoro wowote. Ukijenga ukuta mpya, chumba kipya hakina tundu la kiyoyozi, hakina kitambua moshi, na njia ya kutokea wakati wa dharura imebadilika, hivyo mpango wa usalama wa moto lazima ukaguliwe upya. Soketi zikiwekwa kwa kufuata mchoro wa awali, kisha meza zikasogezwa kidogo tu, nyaya zitatandazwa sakafuni na mtu atajikwaa. Mwambie fundi umeme aje kabla ya mkataba wa samani, afungue dari na kuta sehemu kadhaa, na akuandikie alichokikuta. Tenga fungu la dharura lisiloguswa kwa mapambo, na kila badiliko ambalo mkandarasi atalipendekeza lipewe bei kwa maandishi kabla halijafanywa. Badiliko lililokubaliwa kwa mdomo katikati ya vumbi ndilo lililozua mabishano marefu zaidi wakati wa kufunga hesabu.

Agizo la kutofunga huduma nalo lilikuwa na bei. Kazi za kelele zilifanyika usiku na mwisho wa wiki kwa malipo ya ziada, na asubuhi watumishi walikuta vumbi juu ya kompyuta. Ningeomba, kama ingekuwa leo, kufunga kwa muda mfupi uliotangazwa mapema na kuhamishia huduma za dharura mahali pengine. Pale isipowezekana kufunga, gawa kazi kwa awamu zinazofuata safari ya jalada, ili kamwe usikate mnyororo katikati. Awamu yetu ya pili iliwatenganisha wakaguzi na masijala, na kipindi hicho madai yalichelewa kuliko wakati wowote. Kila kasha la majalada liwe na lebo inayotaja linakotoka, linakokwenda na nani amelipokea. Mlinzi wa mlangoni apewe maelezo ya kila siku kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye anayeulizwa kwanza, na asipojua atamwelekeza mteja kwenye ukuta uliobomolewa jana.

Kwa upande wa watumishi, hasira niliyokutana nayo mara nyingi ilikuwa huzuni. Mtu aliyekaa chumba kimoja miaka mingi amekifanya kuwa ushahidi wa utumishi wake, na ukimwonyesha ukumbi wenye meza zinazofanana anaona miaka hiyo imefutwa. Mzee wa masijala, ambaye wengi walidhani atapinga kuliko wote, ndiye aliyetupa mawazo bora, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuulizwa kazi yake inafanyikaje. Alitaka kaunta yake iwe na upana wa kutandaza majalada mawili yaliyofunguliwa, na rafu ya yale yanayongoja saini iwe usawa wa macho ya anayepita, ili anayehusika aone jalada lake bila kuitwa. Hakuna mchoro uliokuwa na mambo hayo. Wakuu wa idara walioondolewa madirishani walihitaji mazungumzo ya mmoja mmoja, kabla ya kikao cha wote, na mkuu wa taasisi alipokubali kuwa wa kwanza kuacha chumba chake, maneno yalipungua sana.

Tulipohamia, tuliacha sehemu ya samani bila kufungwa sakafuni na sehemu ya bajeti bila kutumika mpaka tuone watu wanavyoishi humo. Hilo ndilo lililotuokoa. Skrini zilizotazama madirisha ziligeuzwa ili mwanga uingie ubavuni. Meza za kusomea vyeti zilipimwa mwanga, zikakutwa chini ya laksi 500 ambazo kiwango cha Ulaya kinazitaka kwa kazi ya kusoma na kuandika, zikaongezewa taa. Mashine ya kuchapa iliingizwa chumbani. Baadhi ya kuta tulizobomoa zilirudi, safari hii zikifika kwenye zege, na wakaguzi wa madai magumu wakapata chumba cha utulivu kilicho jirani na masijala. Kisha tukayarudia majalada yenye karatasi za saa, tukachora tena mistari juu ya ramani mpya. Ilikuwa mifupi, isipokuwa mmoja kati ya waidhinishaji na wahasibu, ambao bado unakatiza mbele ya foleni ya wateja, na huo ndio tunaoushughulikia sasa.